Ramani ya Macho ya Binti Yangu

Binti yangu alirithi macho ya babake, makubwa na meupe pe, na kwa miaka miwili nilikuwa nikimwambia kwamba anayo ya bure. Akimwaga chai, una macho ya nini. Akishindwa kuona sindano iliyolala mezani, una macho ya nini. Akisoma kitabu kikiwa karibu kumgusa pua, nilimwambia aache kujifanya profesa. Nina ulimi mkali. Majirani zangu hapa mtaani Noonkopir wanaujua, na wateja wangu wanauvumilia kwa sababu nashona vizuri. Mimi ni fundi wa sare za shule. Swali lile la macho nililisema mara nyingi mno, mpaka likawa kama kumjulia hali, na sikuwahi kungoja jibu lake.

Inabidi nieleze kuhusu wakwe zangu, maana aibu yangu ilianzia kwao, ingawa si wao walionipa. Mimi ni Mkikuyu. Wazazi wangu walitoka Central wakanunua ploti Kitengela, na mimi nikazaliwa hapa hapa. Nikaolewa na Mmaasai wa upande wa Kajiado, mwalimu, ambaye siku hizi anafundisha huko Rombo karibu na mpaka wa Tanzania na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Watu wa kwao hawajawahi kunitupia neno. Nilijitupia mwenyewe. Kila nilipoingia boma lao nilihisi kama naingia chumba cha mtihani, nikiwasikia wakisema moyoni kwamba mtoto wa mama wa mjini hana adabu. Hakuna aliyesema, lakini mimi nilisikia.

Kwa hivyo nilimfunza binti yangu salamu za kwa babake kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa Wamaasai mtoto hampi mzee mkono. Anamwendea, anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini na kumsalimu, naye anaitikia. Ni jambo la sekunde mbili. Mtoto akilipita, watu wanaona, na wakishaona wanamtazama mama.

Likizo ya Agosti tulikwenda kwao kwenye sherehe. Shemeji yangu mdogo alikuwa amemaliza chuo na familia ilichinja kushukuru. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki kando ya nyumba ya mabati, sisi wanawake tukawa upande wa jikoni. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa Grade nine, alikuwa akipeleka vikombe vitupu jikoni kwa trei. Kaka mkubwa wa baba mkwe akaingia langoni. Ni mzee wa maneno machache. Alimwona mtoto anakuja, akasimama, akanyoosha mkono bila kusema chochote, kama wanavyofanya wote, akingoja kichwa kije.

Binti yangu akampita. Alimpita kwa karibu, hatua moja tu kati yao, macho yake yakiwa mbele, akaendelea kutembea na vikombe vyake. Mkono wa mzee ukabaki hewani. Akautazama kidogo, kisha akaurudisha ndani ya shuka. Upande wa jikoni wifi yangu mmoja akasema neno kwa Kimaasai ambalo sikulielewa na sikuhitaji kulielewa.

Sijui nilifikaje pale. Najua tu kwamba nilimshika binti yangu kisogo, kwa vidole vitano, mbele ya ukoo mzima wa babake, nikamgeuza. Kikombe kimoja kilianguka.

"Mum, sikumwona," akasema.

"Macho yako ni ya nini?" nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wazee. Nikamsukuma kichwa chini, nikakishikilia hapo.

Mzee akamgusa kwa ncha za vidole, akasema "Supa", salamu yao, polepole, naye akaitikia huku machozi yakimdondoka kwenye viatu. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona nimefaulu. Nilirudi jikoni nikaendelea kumenya viazi, nikiamini kwamba sasa wameona mama wa mjini anajua kulea.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, mwalimu wa hesabu aliniita shuleni. Aliniambia mtoto ananakili vitu ambavyo haviko ubaoni. Anaweka tatu mahali pa nane, na akisogezwa dawati la mbele bado anaziweka. Nikampeleka kwa mtu wa miwani hapa Kitengela. Yule akambadilishia lenzi mara nyingi kwenye ile fremu ya kupimia, hii na hii, ipi afadhali, na binti yangu akawa anajibu kwamba zote zinafanana. Mwishowe mtu wa miwani akazima taa ya ubao wa herufi. Alisema hii si kazi ya miwani tena, tutafute kliniki ambako wanachora ramani ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Alituandikia jina la mahali.

Kliniki yenyewe ni ya watu binafsi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Tulikaa kwenye viti laini tukitazama runinga iliyokuwa ikionyesha mahubiri bila sauti. Sikuwa na wasiwasi mwingi. Nilikuwa nimekasirika tu, kama ninavyokasirika kitu kikiniondoa kwenye cherehani siku za kazi.

Aliyetupokea kwenye mashine alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti jeupe. Akamkalisha binti yangu kwenye kistuli.

"Weka kidevu hapa. Paji la uso liguse hapo juu. Hakuna kitu itakugusa, hakuna sindano. Angalia tu hiyo taa ya katikati na usipepese mpaka nikwambie."

Ndani ya mashine palikuwa na miduara ya mwanga, mmoja ndani ya mwingine. Kwenye kioo cha kompyuta nikaona jicho la mwanangu likiwa kubwa kuliko sahani, na ile miduara imejichora juu yake. Hata mimi nisiyesomea macho niliona kuna kasoro. Juu ilikuwa mviringo mzuri, chini ilikuwa imebanwa na kwenda upande, kama mtu aliyechora kwa mkono wa kushoto.

"Huyu ametulia kweli," yule bwana akasema. "Watu wazima hapa wanapepesa mpaka tunarudia mara kumi."

Nilijua alikojifunza kutulia hivyo. Nilikuwa nimemshika kisogo miezi miwili tu iliyopita.

Ramani ikatoka kwa rangi. Pembeni buluu, kisha kijani, na chini ya katikati ya jicho la kulia pakawa na doa jekundu. Jicho la kushoto nalo lilikuwa na doa, la rangi ya machungwa. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alituketisha akatuelezea taratibu. Alisema ugonjwa unaitwa keratokonasi. Konea inakonda, na pale ilipokonda inasukumwa nje, kwa hivyo mwanga unaingia umepinda na kila kitu kinaonekana mara mbili au kama kimemwagiwa maji. Alipokuwa akieleza nilifikiria goti la suruali ya mtoto wa shule, linavyokonda kwanza ndipo lifanye tumbo. Nimeziona nyingi. Ukipiga pasi, tumbo lile halirudi ndani.

"Huwa anasugua macho?"

"Sana," nikasema. "Ni hii vumbi yetu." Hilo nililijibu kwa ukweli, kwa sababu halikuwa na kosa langu ndani yake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati huo.

Daktari akatabasamu. "Mama, umefanya vizuri kumleta mapema. Wengi tunawaona ikiwa tumechelewa. Alianza lini kulalamika?"

Nataka kuandika sentensi inayofuata bila kuipamba. Nilikuwa nimesifiwa. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kizuri, mtu msomi ameniita mama aliyefanya vizuri, na sikutaka kuondoka kwenye kile kiti.

"Ni hii term tu," nikasema.

Daktari akamgeukia binti yangu. "Ni kweli? Hii term ndio ilianza?"

Binti yangu akageuza uso upande wangu. Siwezi kusema alinitazama, maana sasa nilijua hawezi kuniona vizuri kutoka pale alipokaa.

"Ndio," akasema. "Hii term."

"Sawa. Sasa sikieni. Kuna matibabu. Tunaweka matone maalum na mwanga maalum ya kukaza konea, isiendelee kutoka nje. Inafanywa Nairobi. Hairudishi kile kimeharibika, inazuia tu. Lakini kuna macho ambayo ugonjwa husimama wenyewe, na singependa kumfanyia mtoto kitu bure. Lazima nijue kama inaendelea, na kwa kasi gani. Mko na kipimo chochote cha zamani? Hata karatasi tu ya miwani?"

"Hatuna," nikasema.

"Basi mtarudi baada ya miezi minne tupime tena, tulinganishe. Ingekuwa kuna kipimo cha zamani ningejua leo. Kwa sasa asisugue kabisa."

Kipimo cha zamani kilikuwapo.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, madaktari wa macho walikuja kanisani kwetu kupima watu bure. Binti yangu alipanga foleni na watoto wenzake akarudi na karatasi. Ilikuwa na tarakimu za kila jicho, na chini mtu alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba mtoto apelekwe kwa daktari wa macho. Niliisoma. Nikamwambia miwani inazoesha macho uvivu, ale karoti, aache simu. Akaniomba tena baada ya wiki chache, akasema ubaoni anaona namba zikiwa na kivuli. Nikamwambia anataka miwani kwa sababu rafiki yake anayo. Akaniomba mara ya tatu, na mara hiyo nikamjibu vile ninavyojibu nikichoka, na hakuniomba tena. Karatasi sikuitupa. Mimi situpi vipimo. Niliitia ndani ya kaunta buku langu, lile ninaloandikia vipimo vya watoto wa watu.

Na hapa ndipo siwezi kujitetea kwa ujinga. Mtu mwingine angesema hakujua karatasi kuukuu ina faida gani. Mimi ni fundi. Maisha yangu yote ni kulinganisha kipimo cha mwaka huu na cha mwaka jana. Daktari hakuhitaji kunieleza mara mbili. Nilielewa kwamba bila ile karatasi mwanangu atakaa miezi minne akingoja konea ikonde zaidi ndipo waamini kwamba inakonda, na kwamba nikiitoa, nitakuwa nimeitoa na tarehe yake, na maandishi yale ya chini, na uongo wangu.

Nilikaa nayo siku kumi na mbili.

Siku mojawapo mama mmoja alikuja na mwanawe, amebeba shati, amevimba kwa hasira. Alisema nimemshonea kitambaa kibaya, kimerudi na kubana kwa kufuliwa mara chache tu. Nikafungua kaunta buku, nikatafuta ukurasa wao, nikamwekea futi mtoto begani.

"Shati haijarudi, mama. Ni kijana ameongezeka. Angalia, mwaka jana bega ilikuwa kumi na nne. Leo ni kumi na sita."

Akatazama, akacheka, akaomba radhi. "Wewe uko na kila kitu imeandikwa," akasema. Ile karatasi ya macho ilikuwa kurasa chache mbele. Nilifunga kitabu nikakiweka mahali pake, nikashona mpaka jioni. Nilijichukia, lakini kujichukia hakukunipeleka kwa daktari.

Mume wangu naye alikuwa amempigia simu babake kumweleza ugonjwa wa mtoto. Juma lililofuata akanipigia kutoka Rombo. Yule mzee, kaka wa baba mkwe, alikuwa amesikia, na alikuwa ameshangaa.

"Anauliza mbona hatukuambia watu mtoto haoni," mume wangu akasema. "Anasema angemwita na jina. Angeongea tu, mtoto angemjua."

"Alikuwa amekasirika?"

"Anasema mtoto hakumkasirisha. Anasema ile kitu ilimuumiza ni vile ulimshika."

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimehangaika ili watu wale wasione ubaya kwa mtoto wangu, na hawakuwa wameuona kwake. Nilijifungia chooni, nikalia kama mtoto mdogo.

Jumamosi nilimwambia binti yangu avae tunarudi kliniki. Hakuuliza kwa nini. Daktari alikuwa na watu wengi, tukangoja, na alipotuita nikaiweka karatasi mezani kabla sijaketi, maana nilijijua, ningeketi ningeanza kuzungumzia hali ya hewa.

Akaikunjua. Akasoma tarakimu, akafungua zile za safari iliyopita kwenye kompyuta, akatazama huku na huku. Akasoma maandishi ya chini. Nilimwona akiisoma tarehe.

"Kushoto imebadilika kidogo," akasema. "Kulia imebadilika sana. Hii siwezi kungoja miezi nne." Akachukua simu, akapiga Nairobi tukiwa hapo hapo, akaomba nafasi wiki hiyo hiyo, akaandika barua. Ndipo akaweka kalamu chini. "Mama, ulisema hakuna."

"Nilidanganya."

"Na wewe," akamwambia binti yangu kwa upole, "ulisema ilianza hii term."

"Nilisema vile mum alisema."

Nilingoja anigombeze. Ningemshukuru. Nilikuwa nimejitayarisha tangu alfajiri, nimevaa hata ile sweta yangu nzito, sijui kwa nini, kana kwamba maneno yanaingia kwa baridi. Lakini alitueleza tu mambo yalivyo. Jicho la kushoto, likikazwa sasa, linaweza kubaki zuri. La kulia litazuiwa lisizidi, lakini halitarudi, na atalivalia lenzi ngumu maisha yake yote. Nikamuuliza kama angeletwa wakati ule wa karatasi ingekuwaje. Daktari akamtazama binti yangu kwanza, kisha mimi.

"Ingekuwa afadhali," akasema.

Tuliposhuka tulisimama chini, mbele ya duka la dawa, watu wakitupita. Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Mimi sijawahi kumsikia mamangu akiomba, na hata maneno yenyewe sikuwa nimeyafanyia mazoezi. Yakatoka kama ninavyotoa maneno yote, kwa ukali, kama ninamgombeza.

"Nisamehe. Uliniambia mara tatu. Karatasi nilikuwa nayo wakati wote, ilikuwa kwa kaunta buku."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua ilikuwa huko. Tukitoka kwa daktari ile siku ya kwanza, nilifika nyumbani nikaangalia. Nikaipata."

Nikamuuliza kwa nini hakuichukua, kwa nini hakuniletea, kwa nini hakumpa hata babake, si ni macho yake. Alikuwa amenielekea, akikaza macho yale makubwa ili apate uso wangu, na mkono wake ulipanda kutaka kusugua, akaukumbuka, akaushusha.

"Nilitaka kuona kama utaileta," akasema.

Siku kumi na mbili alikuwa akiamka, ananisalimia, anakunywa chai yake na kwenda shule. Kila jioni alirudi akanikuta nimeinamia cherehani, akaniuliza kama kuna kazi anisaidie au kitu ninataka kumwambia, nami nikamjibu hakuna.